Kiti cha Mama Mmoja

Mtaa wa West Indies, Eldoret
Jumamosi, saa kumi jioni

Chebet wangu,

Nimekaa kwenye meza ya chumbani na mlango nimeufunga. Nakusikia huko sebuleni ukipanga vitabu na baba yako, yeye akikuambia uache vingine, wewe ukikataa. Najua mtabishana mpaka sanduku lifungike, kwa hivyo nina muda wa kutosha. Mambo ya blanketi, sufuria na nani atakupokea umeshaambiwa na shangazi zako wote, na mimi sitayarudia. Ukisahau kitu, utanunua huko Nakuru. Watu wanaishi Nakuru.

Nataka kuandika juu ya yale maneno ya Alhamisi.

Tulikuwa tunakula, na wewe ukawa unakula polepole kuliko kawaida yako. Ukatuambia kile alichokuambia yule mzee wa intavyu ulipokuwa unatoka, kwamba usifurahi sana, kwa sababu wakubwa wa kampuni waliagiza kwamba safari hii, kati ya vijana sita wa kufundishwa umeneja, lazima mmoja awe mwanamke. Ukasema, "Afadhali ningekosa kuliko kuchukuliwa kwa sababu ya sketi." Mimi nikakujibu vibaya. Nilikuambia kazi ni kazi, na msichana aliyemaliza digrii juzi si wa kuchagua mlango wa kuingilia. Halafu nikaondoka mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Uliona nimekasirika. Ulidhani nimekukasirikia wewe.

Nilikuwa nimejikasirikia mimi. Kuna jambo la Moi's Bridge ambalo hujawahi kuambiwa lote. Wakati huo ulikuwa shule ya bweni, na uliporudi likizo tulikuwa tumeshazoea kutolitaja. Unajua tu kwamba mama yako alikuwa kwenye kamati ya ushirika, na kwamba siku hizi hayuko. Sasa nataka ujue nilivyoingia, nilivyokaa na nilivyotoka.

Miaka hiyo tulikuwa bado tunaishi shambani, kabla baba yako hajahamishiwa shule ya hapa mjini. Shamba unalikumbuka, mahindi mpaka macho yanachoka. Kila mtu aliuza mahindi yake kupitia chama cha ushirika. Ushirika ndio ulituletea mbegu na mbolea, na wakati wa mavuno ndio ulitafuta malori. Bila namba ya uanachama, hata ungekuwa na mahindi ya kujaza uwanja wa mpira, ungesimama nje ya geti ukitazama wenzako wakiingia.

Na namba zilikuwa za wanaume. Sisi tulipanda, tukapalilia, tukavuna, tukapukuchua na kuanika, lakini gunia likishashonwa mdomo linaandikwa namba ya mzee. Mimi nilikuwa na namba yangu kwa sababu baba yako hakupenda kusimama kwenye foleni za mbolea, akaniandikisha mimi. Yeye alidhani anakwepa usumbufu. Kumbe alinipa kitu ambacho wanawake wengi wa pale hawakuwa nacho. Wenye namba zetu wenyewe hatukuzidi arobaini katika chama kizima.

Basi mwaka mmoja kwenye mkutano mkuu tukaambiwa kwamba kamati inatakiwa iwe na mama mmoja. Wakati huo mambo mengi yalikuwa yanashuka kutoka juu hivyo, na watu walikuwa wamezoea kupiga makofi kwanza, maswali wakayaulize nyumbani. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Lagat, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakuhitaji kupaza sauti kwa sababu kila mtu alinyamaza akianza kusema. Wajumbe tisa wa kamati walichaguliwa na wanachama kama kawaida, wote wanaume. Kiti cha kumi, cha mama, alisema atamtaja yeye ili kusiwe na mvutano. Akanitaja mimi.

Baadaye aliniambia sababu, akidhani ananisifu. Nilikuwa mke wa mwalimu, nilijua kusoma na kuandika, na sikuwa mtu wa maneno mengi.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilienda kwa Mama Halima, yule Msomali mwenye duka la vitambaa pale Moi's Bridge, nikamwambia nataka nguo ya mikutano. Nilikuwa nimeshika kitambaa chenye maua makubwa. Akaninyang'anya, akanikatia cha bluu kisicho na maua, akasema mtu wa kamati havai shamba la maua. Nilivaa ile nguo ya bluu mpaka ikapauka mabegani.

Kiti changu kilikuwa karibu na mlango, kwa sababu mimi ndiye niliyetoka kuangalia kama chai iko tayari. Wageni wakija kutoka wilayani, kazi yangu ilikuwa kuwapanga akina mama waimbe. Kwenye mazungumzo yenyewe nilikaa nikisikiliza. Niliambiwa najifunza.

Kwenye mkutano wa tatu likaja jambo la Esther. Huyu alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, na mumewe alikuwa amefariki miezi michache kabla. Namba ilikuwa ya marehemu. Shemeji yake, ambaye hakuwahi kushika jembe katika shamba lile, aliandika barua akitaka namba ihamishiwe kwake, kwa sababu yeye sasa ndiye mwanaume wa boma. Esther alikuja kwangu akakaa jikoni. Hakulia. Aliniuliza tu kama kiti changu kinaweza kufanya kitu. Nikamwambia ndiyo, kinaweza.

Nilijiandaa kwa siku mbili. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi nikayasoma mbele ya ng'ombe nikikamua. Siku ikafika, nikasimama na ile nguo yangu ya bluu, nikasema napendekeza namba ibaki na Esther kwa sababu ndiye anayelima. Mzee Lagat alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Halafu akasema, "Asante, mama. Tumesikia pendekezo. Nani anaunga mkono?"

Hakuna aliyejibu. Wanaume tisa walitazama karatasi zao. Mmoja alikohoa, moyo wangu ukaruka, lakini ilikuwa kikohozi tu. Mzee Lagat akangoja muda wa heshima, akasema pendekezo halina wa kuliunga mkono, kwa hivyo limeanguka, tuendelee. Namba ikaenda kwa shemeji. Mimi nikatoka kuangalia chai.

Hakuna aliyenitukana, Chebet. Ingekuwa rahisi kama wangenitukana, ningerudi nyumbani na hasira. Nilirudi na aibu. Msimu ule Esther aliuza mahindi yake barabarani kwa walanguzi, na kila nilipompita alinisalimu kwa adabu kabisa.

Sikupendekeza kitu tena. Nilijiambia nangoja jambo ambalo litakubalika, na kila mkutano ulikuwa na sababu yake ya kungoja. Miaka miwili ikapita hivyo. Huku nje nilikuwa mtu mkubwa. Sokoni waliniita Mama Kamati. Kwenye harusi nilipewa kiti cha mbele. Wazee waliniambia wewe si kama wanawake wengine, wewe una utulivu, na mimi nilikuwa nayachukua maneno hayo nayaweka moyoni kama kitu cha thamani.

Sasa nikueleze habari ya Tabitha. Najua unamkumbuka Tabitha Nasimiyu, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli ukavunja lango la kuku. Alikuwa rafiki yangu kuliko dada zangu. Jioni alifundisha darasa la ngumbaru, akina mama wazima wakijifunza kuandika majina yao, na namba ya ushirika alikuwa nayo kutoka kwa baba yake ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa ameisoma katiba ya chama mpaka akaijua kwa kichwa. Tukiwa tunapukuchua mahindi alitusomea vipengele, na wanawake walicheka kwanza, halafu wakaanza kuuliza maswali.

Uchaguzi ulipokaribia, alikuja kwangu akaniambia anataka kusimama. Nikashtuka, nikadhani anataka kiti changu. Akaona uso wangu, akasema, "Hicho ni chako, mimi sikigusi. Mimi naenda kutafuta kimoja kati ya vile tisa."

Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo. Kiti alichokilenga kilikuwa cha mzee mmoja aitwaye Joel, mtu ambaye katika miaka miwili nilimsikia akisema mambo mawili tu, amina na chai imechelewa.

Wiki moja baadaye Mzee Lagat alitutembelea. Alikaa, nikampa maziwa ya mursik, akayasifu. Kisha akaniambia ana wasiwasi kwa ajili yangu. Alisema chama kimewapa akina mama kiti kimoja, na wanachama wamekubali. Tabitha akiingia kwa njia nyingine, watu watauliza kiti cha mama kinabaki cha nini, na yeye hataweza kunitetea. Hakuniambia nifanye lolote. Alimaliza maziwa yake akaenda.

Nilimweleza baba yako. Akasema, "Lakini Tabitha akiingia si mtakuwa wawili?" Nikamjibu kwamba huenda asibaki hata mmoja. Akaniambia nifanye ninavyoona. Yeye mwenyewe hakuwa mwanachama, siku ya kura hakuwa na sauti, na nadhani alishukuru kwa hilo.

Kwa Tabitha sikwenda. Hapo ndipo nilipokosea kwanza, kabla ya siku yenyewe. Ningeweza kuvuka kijito nikamwambia mzee amekuja amesema hivi na mimi naogopa. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Badala yake, nilipomwona njiani nilijifanya nina haraka.

Uchaguzi ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wakati huo mtindo wa kupiga kura kwa foleni ulikuwa umeshaingia kila mahali. Anayegombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, na wanahesabiwa kichwa kwa kichwa mbele ya watu wote. Huwezi kujificha. Mumeo anakuona, mwenyekiti anakuona, aliyekukopesha mbegu anakuona. Kwa hivyo ujue walichofanya wanawake wale asubuhi hiyo, wakati walipotoka kwa waume zao mmoja mmoja wakaenda kupanga mstari kwa Tabitha, kilikuwa kitu kikubwa. Karibu wote wa upande wetu wenye namba walikwenda. Hata wanaume kadhaa, wale ambao wake zao walikuwa wamejua kusoma kupitia kwake, walikuwa pale. Mstari wa Tabitha ulikuwa umeshaupita wa Joel.

Mimi nilikuwa bado kwenye veranda ya darasa. Nilikuwa nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mzee Lagat alikuwa amesimama na karani, akanitazama mara moja tu.

Nikashuka ngazi. Nikapita katikati ya uwanja, nikaenda kusimama nyuma ya Joel.

Nilipogeuka, nilimwona mama mmoja akitoka kwenye mstari wa Tabitha. Alikuja polepole akasimama nyuma yangu. Kisha wa pili, kisha watatu pamoja. Sikuwaita. Sikuwapungia mkono. Walidhani Mama Kamati ana habari ambayo wao hawana, kwamba pengine kuna hatari, au kuna makubaliano yameshafanywa. Mimi ningeweza kusema rudini. Neno moja tu. Nilikaa nikitazama kisogo cha mtu aliyekuwa mbele yangu.

Walihama kumi na wanne. Tabitha alishindwa kwa watu tisa.

Kwa sababu alikuwa amesimama mbele akiutazama mstari wake, aliona yote, tangu hatua yangu ya kwanza. Watu walipotawanyika alipita karibu nami. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema, "Rebeka, habari ya nyumbani?" kama mtu anayemsalimu mgeni barabarani, akaendelea kutembea.

Mzee Lagat akanitaja tena kwa kiti cha mama. Watu wakapiga makofi.

Siku chache baadaye nilikwenda dukani kwa Mama Halima kutafuta kitambaa cha sare yako. Alikuwa anapima huku hanitazami. Duka lake lilikuwa njia panda ya habari zote za Moi's Bridge, kwa hivyo hakukuwa na la kumweleza. Mumewe alipokufa, ndugu walitaka kumfungia lile duka, akawakatalia mmoja baada ya mwingine mpaka wakachoka. Alipomaliza kukata, aliniuliza, "Wewe walikupa kiti. Yule alikuwa anatafuta chake. Wewe ulikuwa unalinda nini?" Hakuuliza kwa ukali. Nadhani alitaka kujua kweli. Nikalipa nikaondoka, na swali lile nikatembea nalo mpaka nyumbani na wiki tatu nzima baada ya hapo.

Jibu nililipata, na ndilo ninaloona haya kuliko yote kukuandikia. Kwa watu nilisema niliogopa. Ni kweli, lakini woga haukuwa peke yake. Nilipenda kuwa mmoja. Nilipenda kuwa mwanamke pekee ndani ya chumba kile, hata kama kiti kilikuwa mlangoni, hata kama kazi ilikuwa chai. Tabitha angeingia kwa kura za watu, na siku ya kwanza tu watu wangejua kiti chake ni kizito kuliko changu. Kwa ajili ya hilo nilimwangusha mtu aliyekuwa kama dada yangu.

Na hebu uone upumbavu wangu. Kitu pekee nilichokosa siku ya Esther kilikuwa mtu mmoja wa kusema naunga mkono. Mmoja tu. Nilimpata, akiwa amesimama juani mbele ya mstari wake, nami nikaenda upande mwingine.

Baada ya zile wiki tatu nilivuka kijito. Tabitha alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikaketi kwenye gunia nikaanza kupukuchua pia. Tulifanya kazi hivyo mpaka kivuli cha ghala kikatufikia. Ndipo nikamwambia lile nililokuandikia hapo juu, bila kulipamba.

Akamaliza hindi lililokuwa mkononi mwake. Halafu akasema, "Ungekuja kuniambia unaogopa, ningekuelewa. Hili lingine sijui kama nalielewa. Lakini asante kwa kutonidanganya."

Sikusamehewa siku hiyo. Nakuambia hili ili usidhani kuomba msamaha ni kama kulipa nauli, ukishatoa unapewa tiketi. Nilirudi mara nyingi. Kuna siku alinipa chai na kuna siku hakunipa. Lakini siku moja, akiwa bado hanitazami vizuri, aliniambia, "Una miaka miwili kwenye kile kiti. Lete jambo la Esther kila mkutano. Litaanguka kila mkutano. Lakini karani ni lazima aandike. Wafanye wakuandike."

Nikafanya hivyo. Kila mkutano nilisimama, nikapendekeza, Mzee Lagat akauliza nani anaunga mkono, kimya kikapita, karani akaandika. Mara ya kwanza ilikuwa vigumu kama ile ya zamani. Mara ya nne nilikuwa nimeshakizoea kile kimya, hata nikaanza kuwatazama usoni mmoja mmoja wakati wa kungoja. Wawili waliacha kuangalia karatasi zao, wakawa wanaangalia dirishani. Mwisho wa mwaka ripoti ilisomwa kwa wanachama wote, na jina la Esther likasikika mara saba na neno lile lile nyuma yake, halikuungwa mkono. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza kwa sauti huyu Esther amefanya kosa gani.

Kipindi kilipokwisha, Mzee Lagat alinishukuru kwa utumishi wangu mbele ya watu, akanipa zawadi ya chupa ya chai, na kiti cha mama akampa Selina, mke wa mpwa wake, msichana mpole ambaye hakuwa na miaka thelathini. Alikuwa ananichagua mimi tena, yule wa mwanzo.

Uchaguzi huo Tabitha alisimama kwa kiti cha kawaida mara ya pili, na mimi nikasimama kwa kingine, kwa sababu alisema haiwezekani nimwache aende peke yake tena. Mimi nilishindwa vibaya. Mstari wangu ulikuwa mfupi, na Tabitha alikuwa ndani yake. Baadhi ya wale kumi na wanne walinipita wakaenda kusimama kwa mwingine. Mmoja alisimama kidogo akaniambia kwa upole, "Mama Chebet, sisi wewe tulikufuata siku ile." Ilikuwa haki yao.

Kisha zamu ya Tabitha ikafika. Mstari wake ulianzia mlingoti wa bendera ukazunguka goli la mpira. Safari hii nilikuwa mtu wa kwanza nyuma yake.

Kabla ya mkutano wa kwanza wa kamati hiyo mpya nilikwenda kumwona Selina. Nilimkuta anashona, ameshajinunulia nguo ya mikutano. Nikamwambia asogeze kiti chake mbali na mlango, chai itakuja yenyewe. Na nikamwambia Tabitha akisema jambo ambalo anakubaliana nalo, aseme anaunga mkono, hata sauti ikitetemeka. Akaniambia mzee atakasirika. Nikamwambia ndiyo, atakasirika, mimi alinipa chupa ya chai. Akacheka, nami nikajua huenda atajaribu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Tabitha. Alipendekeza kwamba mjane aendelee na namba ya marehemu bila kuomba saini ya shemeji wala mtu yeyote. Mzee Lagat akauliza nani anaunga mkono. Kikaja kile kimya ninachokijua mimi kuliko mtu yeyote. Halafu Selina, akiwa anatazama meza, akasema, "Mimi." Mzee akamwomba arudie, labda akidhani hatarudia. Akarudia kwa sauti kidogo zaidi. Hapo ikabidi lijadiliwe, na lilipojadiliwa wale wanaume wawili wa dirishani wakakubali, na wengine wakawafuata, na mkutano mkuu ukapitisha. Shemeji hakurudisha namba ya zamani. Esther alipewa mpya, yenye jina lake mwenyewe. Alikwenda kumshukuru Tabitha, na Selina. Kwangu hakuja, na sikumtarajia.

Sasa, mwanangu, nirudi kwenye mlango wako wa Nakuru.

Unasema umeingizwa kwa sababu ya sketi. Huenda ni kweli. Lakini jiulize wale watano wengine wameingizwaje. Joel alikaa kwenye kamati miaka mingi kwa sababu yeye na Mzee Lagat ni rika moja, walipashwa tohara pamoja, na sikuwahi kumwona akikosa usingizi kwa ajili hiyo. Wengine huingia kwa sababu baba zao wanajuana, au walisoma shule moja na meneja. Hakuna anayewasubiri mlangoni kuwaambia wasifurahi sana. Mimi nimekuona ukisoma chini ya taa ya mafuta mpaka nyusi zikaungua. Usiache yule mzee akuchukulie hilo kwa sentensi moja.

Kiti cha kupewa si kitu kibaya. Mimi bila kupewa nisingeingia, na Selina bila kupewa asingekuwapo siku ile kusema mimi. Kwa hivyo nenda ukikae bila kuomba radhi. Kuhusu kazi yenyewe sina wasiwasi, utaijua na utawashangaza. Wasiwasi wangu ni wa mambo matamu. Watakupenda. Watakuambia wewe si kama wanawake wengine. Utakuwa peke yako kwenye picha, na utaanza kuona ni kawaida, halafu utaanza kuona ni haki yako. Siku ukisikia hivyo moyoni, mkumbuke mama yako akishuka zile ngazi za darasa.

Na nisamehe kwa Alhamisi. Ulikuja na kidonda, nami nikakupigia kelele. Nilipaswa kukuambia kwamba tangu barua yako ya kazi ifike nimeitoa kwenye bahasha mara nyingi nikaisoma, hata ile sehemu ya chini yenye anwani tu, na kwamba nilimwonyesha fundi wa viatu ambaye hajui kusoma, akaishika kwa mikono miwili.

Kesho asubuhi nitakuwekea hii ndani ya sanduku juu ya nguo. Isome ukishafika, usinisomee mbele yangu, nitalia na shangazi zako watapata la kusema mwaka mzima.

Ukituandikia, baba yako mwandikie habari za chakula na hali ya hewa, ndizo anazopenda. Mimi niandikie siku atakapokuja mwanamke wa pili hapo kazini. Niambie anaitwa nani.

Mama yako anayekupenda,
Rebeka